Vitu Alivyoviacha Mpangaji: Ni Amana, Si Ngawira

 

Ndugu Waislamu, katika maswali tunayoulizwa walimu wa madrasa hapa Rau baada ya darsa, lipo moja ambalo waulizaji hulileta kwa sauti ya chini, kana kwamba wanaona haya kuuliza jambo dogo kiasi hicho. Mama mwenye nyumba husema: "Maalim, mpangaji wangu huu mwezi wa tatu hajaonekana. Kodi hajamaliza, simu yake haipatikani, na vitu vyake vimo chumbani. Nivifanye nini?" Mara nyingi muulizaji huwa amekwisha kujibiwa na majirani kabla ya kutufikia. Mmoja amemwambia auze ili afidie kodi yake. Wa pili amemwambia agawe sadaka, apate thawabu. Wa tatu amemwambia avitupe uani, na mwenyewe akirudi asimlaumu ila nafsi yake.

Majibu yote matatu yana kasoro moja: yanaihukumu mali ya mtu asiyekuwepo, naye hana wa kumsemea. Kwa hakika hapa ndipo uaminifu wa Muislamu hupimwa. Mtu aliye mbele yako hujitetea kwa ulimi wake, lakini aliye mbali hana mtetezi ila ucha Mungu wako.

Rau ya vyumba vya kupanga

Rau ya leo si ile waliyoizoea wazee wetu, ya mto, msitu na mashamba ya mpunga peke yake. Msitu upo na mto unatiririka, lakini nyumba zimesogea, na mwenye kiwanja akijaaliwa tofali za ziada hujenga vyumba viwili vitatu vya uani akavipangisha. Wapangaji ni wa namna nyingi. Wapo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi na vyuo vingine. Wapo watumishi wa Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, na wapo waliotoka mikoa ya mbali kuja kuuguza jamaa zao huko. Wapo mafundi na wauza mitumba. Wapo pia vijana wa mlimani, wale wapagazi wanaoitwa "wagumu".

Watu hawa huondoka kwa sababu zisizofanana. Mwanafunzi humaliza mitihani, nauli ikamtosha yeye na begi moja, akaliacha godoro na jiko la gesi akitaraji kuvirudia. Mwenye kuuguza hufiwa, akasafiri na maiti usiku huo huo bila ya kukumbuka sufuria. Mgumu huona masika yameingia mwezi wa Machi, wageni wamepungua, akapanda kwao Rombo au Marangu kulima, hesabu yake ikiwa ni kurejea mwezi wa Juni msimu unapofunguka. Mwingine amekamatwa na yuko mahabusu. Mwingine amepata ajali, na jamaa zake hawajui hata alikuwa amepanga wapi. Na yupo, hatukatai, aliyekimbia deni kwa makusudi.

Mwenye nyumba haoni sababu hizi. Anachokiona ni mlango uliofungwa kwa kufuli, na kufuli la mkimbizi wa deni halitofautiani na kufuli la maiti. Basi ni wajibu wake, kabla ya kutoa hukumu, ajiulize: je, ninajua kwa nini ameondoka?

Si kitu kilichookotwa

Kosa la kwanza ni kuviita vitu hivi luqata, yaani kitu kilichookotwa. Watu wamesikia kwamba Mtume (s.a.w.), katika Hadithi aliyoipokea Zayd bin Khalid al-Juhani (r.a.), waliyoikubali Bukhari na Muslim, aliulizwa kuhusu dhahabu au fedha iliyookotwa, akaelekeza kwamba mwenye kuokota akijue chombo chake na kamba yake, akitangaze kwa mwaka mmoja, kisha asipopatikana mwenyewe akitumie. Mtu huishika sehemu ya mwisho ya maelekezo hayo akasema: "Mwaka umepita, sasa ni changu."

Ndugu msomaji, zingatia mambo mawili. La kwanza, hata katika kilichookotwa, Hadithi hiyo inaeleza kwamba mwenyewe akija siku yoyote katika siku za dunia, apewe haki yake. Ruhusa ya kutumia haikuifuta haki ya mwenye mali. La pili, nalo ndilo la msingi, vitu vya mpangaji havikuokotwa. Kilichookotwa ni kile ambacho mwenyewe hajulikani, kimekutwa njiani au mahali pa watu wote. Ama godoro la chumba namba tatu, mwenyewe anajulikana. Jina lake limo katika daftari la kodi, sura yake unaikumbuka, na huenda simu ya dada yake unayo. Kutangaza huwekwa kwa ajili ya kumtafuta asiyejulikana. Huyu hatangazwi tu, huyu anatafutwa.

Mafakihi wa madhehebu yetu ya Imam Shafi'i wametoa mfano ulio karibu zaidi na suala letu. Wametaja nguo iliyopeperushwa na upepo ikaangukia ndani ya nyumba ya jirani. Jirani hakuiomba wala hakukabidhiwa, lakini maadamu imo mkononi mwake imekuwa ni amana ya kisheria. Inampasa airudishe au amjulishe mwenyewe pindi anapoweza, hata kama hajadaiwa. Akinyamaza ilhali anaweza kumjulisha, kisha ikaharibika, anawajibika kuilipa. Vitu vya mpangaji vina hukumu ya nguo hiyo. Mwenye nyumba hakutaka kuvitunza, lakini vimeangukia mkononi mwake.

Tofauti hii ina uzito mkubwa. Ukikiita kitu "kimeokotwa", macho yako huelekea kwenye siku kitakapokuwa chako. Ukikiita "amana", macho yako huelekea kwa mwenyewe. Qur'ani Tukufu, katika Suratun-Nisaa, aya ya 58, imeamrisha amana zirejeshwe kwa wenyewe, na amri hiyo haikumtoa mwenye deni wala asiyeaga.

Si malipo ya kodi

Kosa la pili ni kuvihesabu vitu hivi kuwa ni malipo. Mwenye nyumba husema: "Ananidai vitu, mimi namdai kodi, tumelipana." Hapa tuseme kwa uadilifu: dai la kodi ni dai la haki. Sheria ya Kiislamu haimdhulumu mwenye nyumba. Imepokewa kutoka kwa Imam al-Baghawi, katika mafakihi wakubwa wa Kishafii, kwamba mtu akikodi duka kwa mwezi mmoja, kisha akafunga mlango na kutoweka miezi miwili, mwezi wa kwanza atalipa kodi waliyokubaliana, na mwezi wa pili atalipa ujira wa mfano, yaani kiwango cha kawaida cha duka kama hilo. Mpangaji aliyekifunga chumba kwa kufuli lake na kuondoka hawezi kusema, "Sikulala humo, sidaiwi." Chumba alikizuia, na kukizuia kuna thamani.

Lakini kuwa na deni ni jambo moja, na kujilipa kwa mkono wako ni jambo jingine. Wanavyuoni wamelijadili kwa urefu suala la mwenye haki kuipata mali ya mdaiwa wake. Walioruhusu wameegemea Hadithi ya Hind bint Utba (r.a.), aliyeruhusiwa na Mtume (s.a.w.) kuchukua katika mali ya mumewe kiasi cha kumtosha yeye na mtoto wake kwa wema. Waliokataza wameegemea Hadithi inayoelekeza kwamba aliyekuamini mrudishie amana yake, wala usimfanyie hiyana hata yule aliyekufanyia hiyana. Katika madhehebu ya Imam Shafi'i ipo ruhusa, lakini haihusu kila mdaiwa. Mdaiwa anayekiri deni na asiyekataa kulipa, mali yake haichukuliwi pasi na ridhaa yake; hudaiwa, na ikibidi hushitakiwa. Sasa mpangaji aliyepanda Rombo kulima amekataa lini kulipa? Nani alimuuliza akakanusha?

Wengine hutumia neno rehani: "Nitavishika mpaka alete pesa." Rehani ni mkataba wa watu wawili, mmoja anatoa na mwingine anapokea. Kushika vitu vya mtu kwa nguvu si rehani, ijapokuwa ulimi umekipa jina hilo. Na kama kitu ni cheti cha shule, kitambulisho cha Taifa, kadi ya kliniki ya mtoto au dawa za mgonjwa, kukizuia ni madhara juu ya madhara, maana hakina bei sokoni cha kulipia kodi, lakini kwa mwenyewe ni riziki yake na uhai wake.

Kanuni ya nchi inasema nini

Wapo wanaodhani kwamba mambo haya ni ya wenye kujikaza katika dini tu, na kwamba sheria ya nchi imemwachia mwenye nyumba afanye atakavyo. Sivyo. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, kifungu cha 258, inaeleza wizi kuwa ni kuchukua kitu cha mwingine, au kukigeuza kuwa chako, kwa hila na bila ya dai la haki. Miongoni mwa nia zinazohesabiwa na kifungu hicho kuwa ni za hila ni nia ya kukifanya kitu hicho rehani au dhamana. Kifungu hicho kimemtazama pia aliyeokota: hahesabiwi kuwa na hila ikiwa hamjui mwenyewe na ana sababu za kuamini kwamba hapatikani. Mwenye nyumba anayemjua mpangaji wake kwa jina hana udhuru huo.

Hatusemi kwamba kila mwenye nyumba aliyesogeza godoro la mpangaji ni mwizi. Hilo ni la hakimu kuamua kwa ushahidi wake. Tunachosema ni kwamba sheria ya dini na sheria ya nchi zimekutana hapa katika jambo moja, nalo ni kuwa kumjua mwenye mali kunakufunga mikono.

Ikiwa mpangaji amefariki, jambo limebadilika jina lakini halikupungua uzito. Tangu alipokata roho, vitu vyake vimekuwa mirathi. Havigawiwi kwa majirani kama ukumbusho, wala ndugu wa kwanza kufika hakabidhiwi kila kitu kwa sababu tu amelia sana. Hukabidhiwa msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na kwa wengi wetu ni Mahakama ya Mwanzo. Kodi iliyobaki ni deni katika mali ya marehemu, na deni hulipwa kabla ya warithi kugawana. Kwa hiyo mwenye nyumba hana sababu ya kujichukulia; dai lake lina mlango wake.

Waliotutangulia

Tukumbuke usiku wa Hijra. Maquraishi walikuwa wamekwisha kupanga kumuua Mtume (s.a.w.), na ilhali mali zao zimo nyumbani mwake, kwa kuwa hawakumpata mwaminifu zaidi yake. Wanahistoria wa Sira wameeleza kwamba Ali bin Abi Talib (r.a.) alibakia Makka siku tatu ili kuzirudisha amana hizo. Watu wale walikuwa wanamdai Mtume roho yake, na yeye hakusema, "Tumelipana." Je, miezi mitatu ya kodi ni kubwa kuliko roho?

Tumtazame pia Zubayr bin al-Awwam (r.a.). Watu walikuwa wakimletea mali awatunzie, naye akikataa kuipokea kama amana, akiichukua kama mkopo, kwa kuchelea isije ikapotea na mwenyewe akakosa. Alipouawa mwaka 36 Hijria, deni lake lilihesabiwa kuwa milioni mbili na laki mbili. Mwanawe Abdullah aliuza ardhi akalilipa lote. Warithi walipotaka kugawana, aliwazuia mpaka atangaze katika misimu minne ya Hija kwamba kila anayemdai Zubayr ajitokeze. Miaka minne walingoja, na wote wakiwa na haki ya kurithi! Na mmoja wetu hawezi kungoja msimu mmoja wa mlima.

Ipo pia Hadithi mashuhuri ya watu watatu waliofungiwa pangoni na jabali. Wa tatu wao alikuwa mwajiri ambaye kibarua wake aliondoka akaacha ujira. Mwajiri hakuutupa wala hakuula. Aliuzalisha mpaka ukawa ngamia, ng'ombe na mbuzi, na kibarua aliporudi akadhani anafanyiwa mzaha. Alikabidhiwa vyote akaondoka navyo.

Kinyume cha hayo tumekishuhudia katika ukanda wetu wenyewe, kwa kiwango cha dola. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Uganda watu wenye asili ya Asia, wakapewa siku 90. Waliondoka na masanduku, wakaacha nyumba, maduka na vyombo, na miongoni mwao walikuwamo Waislamu wengi. Mwaka 1973 iliwekwa bodi ya kuzisimamia mali hizo, na jina lake lenyewe lilikuwa ni la utunzaji. Lakini wakati huo nyingi zilikuwa zimekwisha kugawiwa watu. Mwaka 1982 ilitungwa sheria ya kuzirejesha kwa wenyewe, na mwaka 2019 Bunge la Uganda lilikuwa bado linachunguza zilikokwenda. Karibu nusu karne! Mali ikishachukuliwa kwa kisingizio cha kutunzwa, kuirudisha huwa kazi ya vizazi. Na tabia hii haianzi ikulu. Huanza kwa mtu mmoja aliyeutazama mlango wa aliyeondoka akasema, "Hatarudi huyu."

Njia ya kufuata

Mtu atauliza: je, mwenye nyumba ageuzwe stoo ya bure milele, naye huenda ni mjane anayekula kwa kodi hiyo? Hasha. Dini haikumtaka aangamie kwa ajili ya godoro la mtu. Imemtaka afuate njia, nayo ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani.

Kwanza, amtafute. Simu moja isiyopatikana si kutafuta. Aulize mdhamini, dalali aliyemleta, ofisi ya chuo chake, kampuni aliyopandia mlima, jirani aliyekuwa akila naye. Aandike ujumbe wenye tarehe, ataje chumba, deni na siku atakayofungua mlango.

Pili, asifungue peke yake. Amwite mwenyekiti wa mtaa au mjumbe, pamoja na majirani wawili waaminifu. Mpangaji akiwa ni mwanamke, nguo zake zishikwe na wanawake. Sanduku lenye siri za mtu halina sababu ya kupekuliwa zaidi ya kujua kama kuna cha kuoza au cha hatari, na simu au picha za mtu si za kutazamwa na kila aliyehudhuria.

Tatu, aandike. Qur'ani imeamrisha kuandika deni na kuweka mashahidi. Na amana ya asiyekuwepo inahitaji hilo zaidi. Orodha itaje kila kitu na hali yake: godoro la futi nne lililochakaa, mtungi wa gesi, sufuria tatu, bahasha ya vyeti. Wote waliohudhuria watie saini, na nakala moja ibaki ofisi ya serikali ya mtaa.

Nne, avihifadhi kama anavyohifadhi vyake. Afungashe kwenye salfeti au begi, aweke palipo pakavu, kisha chumba akipangishe. Asitumie. Godoro likilaliwa na mgeni wake, jiko likipikiwa futari, ametoka katika uaminifu na kuingia katika dhamana, na chochote kitakachotokea baada ya hapo ni juu yake. Akihifadhi vizuri kisha kikaharibika bila ya uzembe wake, hana lawama. Cha kuoza, kama gunia la viazi, kiuzwe mbele ya mashahidi na thamani yake itunzwe. Akilazimika kutoa gharama za kuvitunza naye anakusudia kuzidai, atafute ruhusa ya hakimu, na akikosa aweke mashahidi.

Tano, vyeti na vitambulisho vitengwe na vitu vingine vyote. Tunamjua kijana aliyerudi baada ya miezi minne akakuta vyombo vyake vimegawiwa, na bahasha yake ya vyeti imewashiwa mkaa. Vyombo alivisamehe siku ile ile. Vyeti vilimchukua muda mrefu wa kwenda polisi na kwenye ofisi mbalimbali, na ajira aliyokuwa ameitiwa ikapewa mwingine. Aliyewasha moto hakujua kusoma maandishi yale. Alidhani ni makaratasi.

Sita, asubiri muda wa maana. Kwa mwenyewe anayejulikana hakuna tarehe ambayo mali hubadilika kuwa yako, lakini mwaka, ambao sharia imeuweka kwa kilichookotwa, ni kipimo chema cha subira. Ikiwa vitu ni vingi na vinamdhuru mwenye nyumba kabla ya hapo, apeleke dai lake la kodi mahakamani ili viuzwe kwa amri yake, achukue haki yake, na kinachozidi kitunzwe. Polisi nao, kwa sheria inayowaongoza, wana wajibu wa kupokea mali isiyo na mwenyewe na kuitolea taarifa kwa hakimu.

Saba, ikikatika tamaa kabisa ya kumpata yeye au warithi wake, afuate mwendo wa Abdullah bin Mas'ud (r.a.). Alinunua kwa mtu, na muuzaji akatoweka kabla ya kulipwa. Alimtafuta mwaka mzima, kisha akaanza kuitoa thamani ile sadaka, dirhamu moja moja na mbili mbili, kwa niaba ya mwenyewe, akiahidi kwamba akitokea na asiridhie, basi thawabu zitakuwa zake Ibn Mas'ud na deni litakuwa juu yake. Hii ndiyo sadaka inayozungumzwa. Kugawa vitu vya mtu mwezi wa pili kisha kuitwa mkarimu ni kutoa sadaka kwa mkono wa mwingine.

Ama vile ambavyo dalili zote zaonesha kuwa mwenyewe amevitupa, kama ndala iliyokatika au ndoo iliyotoboka, hukumu yake ni ya masuke yanayobaki shambani baada ya mavuno ya mpunga. Ada ya watu ni kwamba mwenyewe hayafuatilii, basi anayeyaokota hana dhambi. Lakini tusiifanye ndala iliyokatika kuwa kisingizio cha kuchukua redio.

Neno kwa mpangaji na kwa wanaolala chumba kimoja

Mpangaji naye asijifiche nyuma ya hukumu hizi. Kuondoka bila kuaga na kumwachia mama wa watu chumba kilichofungwa ni dhulma. Ni juu yako kuacha namba ya ndugu, kusema utarudi lini, na ukishindwa kulipa, useme. Mwenye nyumba aliyeambiwa ukweli husubiri. Aliyedanganywa hukasirika, na hasira ndiyo inayouza magodoro. Na ukiviacha vitu kwa kuwa huvitaki, sema kwa ulimi wako, "Nimekupa," umtoe mwenzio katika shaka.

Vijana mnaoshirikiana chumba, hukumu ni hiyo hiyo. Mwenzako akihama akaacha shuka, pasi na vitabu, urafiki wenu si hati ya kumiliki. Rafiki huruhusiwa kutumia kile ambacho yakini yake ni kwamba mwenziwe angekiridhia, lakini kuuza si kutumia, na kunyamaza kwa aliye mbali si ridhaa.

Tunapendekeza kwamba mikataba yetu ya kupangisha, ambayo mingi ni karatasi moja ya kodi ya miezi mitatu au sita, iongezewe mistari miwili: jina na simu ya mtu wa kujulishwa, na makubaliano ya vitu vitakavyoachwa, muda wa kuvitunza, na nini kifanyike baadaye. Waislamu wakiafikiana kwa ridhaa sharti lisilohalalisha haramu, litawafunga wote wawili, na maswali mengi yataisha kabla ya kuulizwa. Aidha, kamati za misikiti zingeweza kuwa na daftari la amana, ili mama aliye peke yake apate mashahidi waaminifu, na aliyerudi baada ya miezi apate mahali pa kuanzia kuuliza, awe Muislamu au si Muislamu. Amana haimuulizi mtu dini yake, walioachiwa vitu na Ali (r.a.) waondoke navyo hawakuwa Waislamu.

Ndugu zangu, huenda katika nyumba zetu hivi sasa, chini ya kitanda au juu ya kabati, limo begi la mtu aliyeondoka zamani. Lishushwe leo, liandikwe, na mwenyewe atafutwe. Akipatikana, tumepunguza mzigo wa Siku ya Hesabu. Asipopatikana, tumeutafuta udhuru mbele ya Mwenyezi Mungu, naye ndiye Mjuzi wa kila lililo ndani ya vifua na lililo ndani ya vyumba vilivyofungwa.

Wabillahi tawfiq.